Herufi A kwa Wino Mwekundu

Watu wakitaka kumsifu Adrienne Feza husema ni mama mpole. Wanakosea. Nimepika chakula cha baraza la kitivo chetu cha udaktari miaka kumi na minne, na jiko langu linapakana na biro yake, yaani ofisi, kwa hiyo namjua kuliko wao. Adrienne si mpole. Anajua kungoja, na mtu wa hivyo ni wa kuogopwa kuliko mpiga kelele. Mpiga kelele ni mimi, Élisabeth. Profesa Valère Mwilambwe alinikwepa mimi akamdharau yeye, na leo hana kiti.

Nitaeleza tangu mwanzo, wala sitajifanya sina upande. Yule mwanamume nilimchukia. Nilisoma mpaka darasa la sita kwa masista wa Kongolo, najua kuandika neno hilo na najua maana yake.

Adrienne ni mzaliwa wa hapa Kalemie, upande wa Kataki. Baba yake alivua samaki wa mikebuka ziwani, mama yake alilima mihogo ng'ambo ya mto Lukuga. Alipoajiriwa kuwa sekretere wa kitivo, chuo kilikuwa na vyumba viwili na paa lililovuja, na walimu walikuwa wachache kiasi kwamba sufuria moja ya sombe, majani ya mihogo, iliwatosha. Walimchagua kwa sababu ya mwandiko wake. Hata leo ukifungua daftari la baraza utaona herufi zimesimama wima, hakuna iliyomlalia mwenzake.

Daftari hilo ndilo moyo wa kisa changu, basi nilieleze. Ni kitabu kikubwa chenye jalada jeusi. Kila kikao kina ukurasa wake. Upande wa kushoto yako majina ya wajumbe, na mbele ya kila jina Adrienne huandika herufi moja: P kwa aliyepo, kwa wino wa buluu, A kwa asiyekuwepo, kwa wino mwekundu. Kikao kikiisha huchora mstari chini ya jina la mwisho, kutoka ukingo mmoja wa karatasi hadi mwingine, na wote waliohudhuria hutia sahihi chini yake. Tunauita mstari wa kufunga. Ukishachorwa, hata Rekta mwenyewe, mkuu wa chuo kizima, hawezi kugusa kilicho juu yake.

Miongoni mwa majina hayo lilikuwamo la mume wake, Daktari Germain Kahozi, mkuu wa maabara ya anatomia, aliyechaguliwa na walimu wadogo awasemee barazani. Ndani ya kikao Germain alimwita "Mama Sekretere" kama mgeni. Wakifika nyumbani, akivua viatu, alikuwa na mchezo wake.

"Leo uliniona?" alimwuliza.

"Nilikuona."

"Uliniandika nini?"

"P, ya buluu, na nzuri kuliko ya wengine wote."

Adrienne alinisimulia hayo tukichambua sombe, akicheka kwa aibu, mama wa miaka hamsini na ushee. Ninayataja hapa ili ujue ni kitu gani kilichokanyagwa.

Mkuu wa kitivo kwetu tunamwita Doyen. Profesa Mwilambwe alipewa cheo hicho akitokea Lubumbashi, na suti zake, na simu zake mbili, na maneno yake ya utawala bora. Sisemi hakuwa na akili. Ila hakupenda vikao, alipenda kuwa mkuu wa vikao. Kwa kila vikao vitatu alihudhuria kimoja. Vingine viliongozwa na naibu wake, Daktari Laurette Kabange, na Doyen yuko safarini, au yuko nyumbani amelala.

Na hapo ilizaliwa desturi mbaya, ambayo Adrienne mwenyewe hajawahi kuikana. Doyen asipokuja, Adrienne aliacha nafasi tupu mbele ya jina lake na hakuchora mstari wa kufunga. Kesho yake alilifunga daftari ndani ya kitenge, akapanda mpaka nyumbani kwa Doyen kule Kitali, na Doyen akatia sahihi huku anakula, kama mtu aliyekuwepo tangu asubuhi. Halafu Adrienne aliandika P, akachora mstari, akawazungukia wajumbe mmoja mmoja kuomba sahihi zao. Miaka sita alifanya hivyo. Sote tulijua. Hata mimi nilimwekea sahani yake, nikaifunika, nikampelekea dereva. Ukubwa una raha zake, na wadogo ndio wanaoubeba.

Sasa nije kwa Rosine. Rosine ni mtoto wa dada yangu. Alikwenda kujifungua kwenye kituo kimoja cha afya, na kituo kizima kilikuwa mikononi mwa mwanafunzi wetu wa mwaka wa tatu, peke yake, siku nzima. Yule kijana wa watu alimpigia msimamizi wake simu mara tisa. Hakuna aliyepokea. Rosine yuko hai. Mtoto hayuko.

Mwanafunzi simlaumu. Alilia kuliko sisi. Nilimwendea Germain pale maabara, nikamwambia: "Papa Daktari, munatuma watoto kuua watoto." Hakunijibu vibaya. Alinikalisha kwenye kiti chake, yeye akasimama.

"Mama Élisa, niko na wanafunzi mia ine wa mwaka wa kwanza, na hadubini kumi na moja," alisema. "Wanatazama kwa foleni. Siku ya mutihani kuko wenye hawajatazama hata mara moja. Na njo hao tunawatuma kwa wamama."

Ndipo akaandika pendekezo lake. Lilikuwa na mambo mawili tu. La kwanza, idadi ya wanaoingia mwaka wa kwanza ilingane na nafasi zilizopo. La pili, mwanafunzi asipokee mzazi wala asimchome mgonjwa sindano bila daktari au mkunga kusimama kando yake. Doyen alilisoma akacheka. Kupunguza wanafunzi? Kila kichwa ni minerval, ada ya masomo, na ukubwa wa kitivo ndio ulikuwa ukubwa wake yeye. Lakini Germain alipita mlango kwa mlango, akawasemesha wajumbe, na mikono ya kutosha ikapatikana. Doyen naye akazipata habari.

Alichofanya ni hiki. Kwanza alileta kanuni mpya: mjumbe akikosa vikao vitatu mfululizo bila barua ya udhuru iliyofika kabla ya kikao, kiti chake kinaanguka, awe nani. Kifungu cha kumi na moja. Nilikuwa mlangoni na sufuria wakati wa kukipigia kura. Wote walinyoosha mikono, Germain akiwemo, kwa sababu ilikuwa saa nane na samaki walikuwa wanapoa. Hilo ndilo kosa la watu wetu wenye shahada: wakiwa na njaa wanakubali lolote ili sahani zipite.

Wiki iliyofuata Doyen alimpa Germain barua ya kazi: aende Kabalo akakague wanafunzi walioko huko, arudi baada ya siku tano. Germain akapanda treni. Alipomaliza kazi, mvua ilikuwa imeibomoa njia ya reli kati ya huku na Nyunzu, treni ikakwama porini. Na Doyen, mtu ambaye kuitisha kikao kimoja kwa mwezi kulimchosha, aliitisha vitatu kwa siku kumi na saba. Vya dharura, alisema. Kimoja kilizungumzia rangi ya mlango wa maktaba.

Kila kikao Germain alipiga simu. Adrienne alimweleza Doyen mbele ya wajumbe wote, nami nilisikia kwa masikio yangu.

"Papa Doyen, Daktari Kahozi amepiga simu. Treni imekwama. Na ni weye ulimutuma."

"Simu haiko karatasi, Mama. Kanuni inasema barua."

"Barua itapita wapi, na njia imekatika?"

"Mama Adrienne, mu biro hamuna bibi na bwana. Kazi yako ni kuandika kile unaona. Unamuona hapa?"

"Simuoni."

"Basi andika kile unaona."

Adrienne alichukua kalamu nyekundu akaandika A mbele ya jina la mume wake. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mara ya tatu aliichora polepole, kwa maana hakutaka kuharibu mwandiko. Wajumbe waliinamisha vichwa. Mimi niliibwaga sufuria chini kwa nguvu, mchuzi ukawarukia wawili, na sikuomba radhi.

Germain alirudi siku ya ishirini na tatu, amekonda, viatu vimejaa matope makavu. Kiti chake barazani kilikuwa kimekwisha kuanguka, na pendekezo lake limeanguka nalo, kwa kuwa pendekezo lisilo na mjumbe wa kulisimamia halijadiliwi. Baada ya mwezi akanyang'anywa maabara pia. Wiki mbili baadaye, akiwa anafunga kamba ya kiatu, presha ikampiga. Upande wa kulia wote ukafa, na maneno yakapotea. Daktari aliyefundisha watu viungo vya mwili miaka ishirini, sasa analishwa kwa kijiko.

Jioni ya kwanza aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali, alimtazama mke wake muda mrefu, akahangaika na mdomo, likatoka neno nusu: "Uli... uli..." Adrienne alijua anachouliza. Uliniona? Alinisimulia hayo mara moja tu, na hakulia. Mimi nililia kwa niaba ya wote wawili. Kisha nikamshika mabega.

"Umwendee Rekta," nikamwambia. "Upige kelele. Mama mzima unanyamaza?"

"Nikipiga kelele watasema ni bibi anatetea bwana yake," alijibu. "Mama Élisa, sombe isiyoiva inaumiza tumbo. Wacha iive."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka atoke kwa kile kiti kwa mulango ule ule. Si mulango mwingine."

Basi, ndilo alilotaka. Hakutaka fidia, hakutaka kuombwa msamaha. Alitaka kifungu cha kumi na moja kimle aliyekizaa.

Alirudi kazini. Aliendelea kumsalimu Doyen, kumtengenezea majalada, kumpelekea daftari Kitali ndani ya kitenge kama zamani. Doyen alimwambia mbele za watu kuwa yeye ni mfano wa mfanyakazi asiyechanganya nyumba na biro. Adrienne alisema asante Papa Doyen. Kilichobadilika ni kimoja tu, na nilikigundua kanisani, kwa kuwa tunaimba kwaya moja. Tukifika kwenye sala ya Bwana, pale pa utusamehe makosa yetu kama tunavyowasamehe waliotukosea, Adrienne alifunga mdomo. Wote tulisema, yeye alinyamaza, kisha alirudi kwenye "usitutie majaribuni." Nilimwuliza kwa nini.

"Siwezi kudanganya Mungu kwa sauti," alisema.

Tulingoja mwaka na miezi minne. Vikao vitatu mfululizo havikupatikana, kwa maana Doyen hakuwa mjinga kabisa, kila baada ya viwili alijitokeza. Halafu muda wake wa uongozi ukakaribia kwisha, naye akataka aongezwe mwingine. Mwezi wa pili akaruka kwenda Kinshasa kutafuta barua wizarani. Alisema wiki mbili. Lakini wizarani mtu hapati barua kwa wiki mbili. Mwezi wa pili ukaisha hajarudi, na wa tatu, na wa nne ukaanza.

Kabla ya kikao cha kwanza alimpigia Adrienne simu. Jiko langu linasikia kila kitu.

"Mama, ile daftari utanitunzia. Nikirudi utaniletea kwa nyumba kama siku zote."

"Daftari iko, Papa Doyen. Naitunza."

Hakusema uongo hata kidogo. Na Doyen mwenyewe hakukumbuka kutuma karatasi ya udhuru. Nani angemkumbusha? Miaka sita hakuwahi kuihitaji.

Kikao cha mwezi wa pili kilipokaribia kwisha, Adrienne alikuja jikoni.

"Samaki imeiva?"

"Bado kidogo."

"Leo ulete mbele ya sahihi. Usingoje nikuite."

Nilimwangalia, naye akaniangalia. Nilielewa. Mikebuka ile niliikaanga kwa vitunguu na pilipili mpaka harufu ikapita chini ya mlango, nikaingia nayo dakika tano mapema, mvuke unapanda. Adrienne alikuwa ameshaandika. A nyekundu mbele ya jina la kwanza la orodha, jina la Doyen, na mstari wa kufunga umechorwa toka ukingo hadi ukingo. Daftari likazunguka. Wajumbe walitia sahihi wakitazama sahani. Profesa mmoja alisaini na mkono wa kushoto ameshashika mfupa.

Mtu mmoja ndiye aliyesoma. Daktari Laurette, naibu, alifika kwenye ile herufi, akainua macho kwa Adrienne. Adrienne hakuyakwepa. Laurette alikuwa mwanafunzi wa Germain zamani, na mkono wake ulinyooshwa siku ya kifungu cha kumi na moja kama wa wengine. Alivuta pumzi, akatia sahihi, akaomba apewe chumvi.

Mwezi wa tatu nilipika kuku. Mwezi wa nne nilipika mikebuka tena, na bukari, ugali wetu, laini kama wanavyoipenda. Kupika hivyo sijapika tangu harusi yangu. Watu wa kanisa wananiambia kufurahia anguko la mwenzako ni dhambi. Huenda. Nilifurahi vikao vitatu vizima, kuanzia kumenya vitunguu mpaka kuosha sahani.

Doyen alirudi mwezi wa tano na barua yake mfukoni, suti mpya, uso unang'aa. Barua ya namna hiyo lazima isomwe barazani mbele ya Rekta. Na Rekta akija, desturi ni kwamba daftari lipelekwe bironi kwake siku mbili kabla, na siku ya kikao visomwe vikao vyote tangu alipokuja mara ya mwisho, jina kwa jina. Vikao vya kawaida hakuna anayesoma majina ya vikao vya nyuma. Mbele ya Rekta yanasomwa.

Jioni ya kuamkia kikao, kabla hatujafunga kazi, Doyen alipita kwa Adrienne.

"Mama, niletee daftari nisaini zile za nyuma."

"Iko kwa Rekta, Papa Doyen. Tangu jana. Njo desturi."

Nilimwona akisimama pale na simu zake mbili, anafikiri. Halafu akatikisa mkono. "Hakuna shida. Rekta ni rafiki." Akaondoka akipiga mluzi.

Asubuhi chumba kilijaa. Rekta, mzee mnene mwenye sauti ndogo, alikaa katikati, Doyen kuumeni kwake. Mimi nilisimama mlangoni na birika la chai, na hakuna mtu aliyeweza kuniondoa pale. Adrienne alisimama, akafungua daftari, akasoma kwa sauti ile ile ya siku zote.

"Kikao cha mwezi wa pili. Profesa Mwilambwe Valère, Doyen: hakuwepo, bila barua. Daktari Kabange Laurette: alikuwepo." Akaendelea hadi jina la mwisho. "Kikao cha mwezi wa tatu. Profesa Mwilambwe Valère, Doyen: hakuwepo, bila barua."

Hapo Doyen alicheka kidogo. "Bwana Rekta, kuko kosa. Mama amesahau."

"Asome kwanza," alisema Rekta.

"Kikao cha mwezi wa ine. Profesa Mwilambwe Valère, Doyen: hakuwepo, bila barua."

Rekta alivaa miwani, akavuta daftari, akatazama kurasa tatu, moja baada ya nyingine. Herufi tatu nyekundu, mistari mitatu ya kufunga, na sahihi zote chini. Kisha akaomba kanuni za kitivo zisomwe, kifungu cha kumi na moja. Laurette ndiye aliyesoma. Alipofika kwenye "awe nani," alilirudia.

Doyen akasimama.

"Ni uzembe wa sekretere," alisema, na sasa sauti ilikuwa juu. "Miaka yote ananiletea daftari kwa nyumba, nasaini. Mara hii hakuleta. Ni kosa langu hilo?"

Rekta aligeuka polepole.

"Anakuletea kwa nyumba? Unasaini kikao chenye haukuwa?"

Doyen alikuwa amejimenya mwenyewe kama muhogo. Akamgeukia Adrienne, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alimbembeleza.

"Mama Adrienne, sema. Nilikupigia simu. Si nilikupigia?"

"Ulinipigia," alisema Adrienne. "Simu haiko karatasi, Papa Doyen."

"Mama..."

"Uliniambia niandike kile naona. Mbele ya hawa wote uliniambia. Niliangalia hicho kiti mara tatu, sikukuona."

Rekta akamwuliza kama ni kweli alikuwa anapeleka daftari nyumbani. Angeweza kukana. Doyen alikuwa ameshazama, hakuna ambaye angemwamini. Lakini Adrienne alisema ndiyo, miaka sita, na akataja vikao vile kwa tarehe, bila kutazama popote, arobaini na saba. Nilitamani kumrushia birika ili anyamaze. Baadaye nilimwuliza kwa nini alijichoma hivyo. Alisema kama angekana, A zile tatu zingekuwa uongo kama P zile arobaini na saba, na yeye alitaka ziwe za kweli.

Hukumu haikuchukua muda. Barua ya Kinshasa inamwongezea muda mtu mwenye kiti, alisema Rekta, na kiti kilianguka mwezi wa nne, kabla ya tarehe ya barua. Mwilambwe alikusanya simu zake. Alipopita mlangoni nilisogea kumpisha, nikamwuliza kama atakula. Sahani yake nilimpa mbwa wa mlinzi, na nilisimama kumtazama mbwa mpaka akamaliza.

Adrienne naye alipewa barua yake wiki hiyo hiyo. Kustaafishwa kabla ya wakati, bila sherehe, bila hotuba, kwa kughushi mahudhurio. Aliisoma, akaikunja, akaitia kwenye mkoba pamoja na kalamu nyekundu, ambayo hakuirudisha. Jumapili aliimba sala yote, toka mwanzo hadi mwisho. Nilimkodolea macho.

"Kusamehe mutu asiye na kiti ni rahisi," alininong'oneza, na mkuu wa kwaya akatukemea.

Mwezi wa sita Laurette, aliyekaimu nafasi ya Doyen, aliitisha kikao chake cha kwanza. Jambo la kwanza kwenye orodha: pendekezo la Daktari Kahozi. Na kwa kuwa pendekezo linahitaji mtu wa kulisimamia, walimu wadogo walikuwa wamemchagua tena Germain, kwa kura zote, hivyo hivyo alivyo. Wanafunzi wanne walimleta kwa kiti chake cha magurudumu. Mezani hapakuwa na nafasi ya kukipitisha, kile kiti kikubwa cha ngozi cha Doyen kilikuwa kinaziba. Laurette hakukitaka, alikuwa anakalia cha mbao. Nikasema wasihangaike. Nilikivuta nje mwenyewe, nikakiweka uani karibu na masufuria, chini ya dirisha la chumba cha baraza.

Adrienne alikuwa pale uani. Ndani haruhusiwi tena. Alikuwa amemvalisha mume wake shati jeupe, amemfikisha mlangoni, halafu hakuwa na pa kwenda. Nilimwonyesha kile kiti. Alikitazama, akakunja kitenge, akakaa. Nikampa karai la mikebuka na kisu, tukaanza kuparua magamba.

Dirishani tulimsikia sekretere mpya, dada mmoja kutoka Manono, akiita majina. Mabwana wakubwa waliitika mmoja mmoja. Kisha akasema: "Daktari Kahozi Germain." Ikasikika sauti nzito, si neno, kama mtu anayesukuma mlango uliokwama. Sekretere akaita tena, sauti ile ikatoka tena, na yule dada akachanganyikiwa.

"Mama Doyen, hajaitika vizuri," alisema. "Niandike nini?"

"Andika kile unaona," alisema Laurette.

Kisu cha Adrienne kilisimama katikati ya samaki. Tulisikia kalamu ikikwaruza karatasi, halafu jina lililofuata likaitwa. Alibaki hivyo kidogo, mgongo umeegemea ngozi ya kile kiti, magamba yamemjaa mikononi. Kisha aliniomba kisu kingine, akasema hicho ni butu.